Mshenga Ndani ya Seli

Leo nakuletea habari ya protini iliyomo karibu katika kila seli ya mwili wako, protini ndogo yenye asidi amino 217, jina lake Grb2. Haikati kitu, haijengi kitu, haichomi sukari, haibandiki wala haibandui chochote. Ukiitafuta kwenye orodha ya vimeng'enya hutaiona. Lakini kiinitete cha panya kilichokosa protini hiyo kabisa hufa mapema sana tumboni mwa mama. Na katika saratani kadhaa, ikiwemo aina moja ya saratani ya damu inayotibiwa katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, Grb2 ni miongoni mwa wapitishaji wa amri ile mbaya inayoiambia seli: gawanyika, gawanyika tena, usisimame.

Kazi yake ni ushenga. Mshenga haoi wala haolewi. Anaingia nyumba hii, anasikiliza, anatoka na neno, anakwenda nyumba ile. Bila yeye, pande mbili zinaweza kuishi mtaa mmoja miaka na mikaka zisiketi jamvi moja. Wanasayansi huziita protini za aina hii adapta. Mimi leo nitaziita protini za ushenga, na swali langu kwako ni hili: je, kemia inaweza kumzuia mshenga? Swali hili limefanyiwa kazi zaidi ya miaka thelathini, kwa akili kubwa na fedha nyingi. Naamini inafaa kulijua kwa undani, maana majibu yake yanaeleza kwa nini saratani fulani zimepata dawa na nyingine bado zinatusumbua.

Habari yenyewe inaanzia kwa kuku. Mwaka 1909, mjini New York, mfugaji alimpeleka kuku wake mwenye uvimbe kifuani kwa Peyton Rous, daktari kijana wa Taasisi ya Rockefeller. Rous alisaga uvimbe ule, akauchuja kwa kichujio kilichozuia seli na bakteria wasipite, kisha maji yaliyobaki akawadunga kuku wengine. Nao wakaota uvimbe. Kumbe ndani ya maji yale mlikuwa na kirusi. Wengi hawakumtilia maanani. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1966, akiwa mzee wa miaka themanini na kitu.

Kirusi cha Rous kilibeba jeni iliyokuja kuitwa Src. Mwaka 1976 Michael Bishop na Harold Varmus, huko San Francisco, walionyesha pamoja na wenzao kwamba jeni hiyo asili yake si ya kirusi. Ni jeni ya kuku mwenyewe, iliyochukuliwa na kirusi kisha ikaharibika. Basi mzizi wa saratani ulikuwamo ndani ya seli zetu tangu mwanzo, ukifanya kazi halali. Miaka mitatu baadaye, California, Tony Hunter akagundua kazi yenyewe ni ipi: protini ya Src hubandika fosfeti kwenye asidi amino iitwayo tairosini. Hadi wakati huo fosfeti zilijulikana kukaa hasa kwenye asidi amino nyingine mbili, serini na threonini. Ile ya tairosini ilikuwa imejificha kwa uchache wake. Katika seli ya kawaida, fosfeti zinazokaa kwenye tairosini hazifiki hata moja kwa kila elfu. Hunter aliiona kwa sababu kimiminika alichokuwa akikitumia kutenganisha kemikali kilikuwa kimekaa siku nyingi na asidi yake imebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyoitenga tairosini yenye fosfeti na jirani yake. Kama angechanganya kimiminika kipya siku ile, huenda ugunduzi huo ungekuwa wa mtu mwingine.

Sawa, fosfeti imebandikwa. Halafu? Nani anaisoma alama hiyo? Hapa anaingia Tony Pawson, Mwingereza aliyefanya kazi yake kubwa nchini Kanada. Mwaka 1986 yeye na wenzake walieleza sehemu ya protini yenye asidi amino kama mia moja hivi, inayojirudia katika protini mbalimbali za jamii ya Src. Wakaipa jina SH2. Baadaye ikadhihirika kwamba SH2 ndiyo inayoitambua tairosini yenye fosfeti na kuikamata. Ikiondolewa fosfeti, inaiachia. Leo tunajua kwamba binadamu ana sehemu za namna hii takribani 120, zimetawanyika katika protini zaidi ya mia moja.

Kisha kuku akarudi. Mwaka 1988, katika taasisi ileile ya Rockefeller, Bruce Mayer, Michinari Hamaguchi na Hidesaburo Hanafusa walisoma jeni ya kirusi kingine cha kuku, wakaipa jina Crk. Walitazamia kukuta kimeng'enya, kwa kuwa jeni za saratani zilizojulikana wakati ule nyingi zilikuwa na kazi fulani ya kueleweka. Hawakukuta kimeng'enya. Walichokuta ni SH2 na sehemu nyingine ndogo iitwayo SH3, basi. Protini isiyotenda kitu chochote cha kemia ilikuwa inaleta saratani kwa kuku. Ninapokutana na habari hii husimama kidogo, kwa sababu inapindua fikra ya kawaida kuhusu ugonjwa. Tumezoea kumtafuta mtendaji: nani kaharibu, nani kavunja. Crk haikuwa imevunja kitu. Ilichofanya ni kuwakutanisha wasiopaswa kukutana, wakati usiofaa.

Mwaka 1992 ndipo Grb2 ilipopatikana, na ilipatikana kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Kundi la Joseph Schlessinger lilikuwa likiwinda protini za binadamu zinazokamata kipokezi cha kichocheo cha ukuaji. Wakati huohuo, kundi la Robert Horvitz huko Massachusetts lilikuwa likichunguza minyoo midogo ambayo haikuweza kuunda njia ya kutagia mayai, nalo likakuta jeni iliyoharibika ni ndugu wa Grb2. Baada ya muda mfupi, wachunguzi wa nzi wa matunda, wale waliokuwa wakitafuta kwa nini nzi fulani hukosa seli moja ya kuonea katika kila chembe ya jicho lake, wakaikuta protini hiyohiyo ya ushenga. Mnyoo, nzi na binadamu wanaitumia karibu kwa namna moja. Kitu kilichohifadhiwa hivyo katika viumbe vilivyoachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita si cha kuchezewa ovyo, na neno hilo nitalirudia.

Mwaka 1993 maabara kadhaa ziliunganisha mnyororo mzima. Hebu tuupitie polepole, kwa sababu dawa nyingi nitakazozitaja zimelenga mahali fulani katika mnyororo huu.

Kichocheo cha ukuaji kinafika nje ya seli na kushika kipokezi. Vipokezi viwili vinakaribiana, kila kimoja kinambandika mwenzake fosfeti kwenye tairosini, kwenye mkia ulio upande wa ndani. Grb2 ina sehemu tatu: SH2 katikati, na SH3 moja kila upande. Ile SH2 inakamata tairosini yenye fosfeti. Zile SH3 mbili tayari zimeshika protini nyingine iitwayo SOS, kwenye mkia wake wenye asidi amino nyingi za prolini. Kwa hiyo Grb2 ikifika kwenye kipokezi, SOS inaburutwa hadi kwenye utando wa seli. Na hapo kwenye utando ndipo inapokaa protini iitwayo Ras. Ras hubeba molekuli ya GDP na hubaki kimya. SOS huilegeza GDP itoke, molekuli nyingine, GTP, iingie mahali pake, na Ras ikishabeba GTP inaamka na kuipeleka amri mbele, kutoka protini hadi protini, hadi kwenye kiini cha seli. Angalia alichofanya Grb2 hapo: amemhamisha mtu mmoja kutoka sehemu moja ya seli hadi nyingine. Amri yote ya kukua imetegemea ujirani.

Sasa tuje kwenye kuzuia.

Dawa nyingi tunazomeza hufanya kazi kwa kuingia kwenye mfuko wa kimeng'enya. Kimeng'enya lazima kiwe na mfuko, kwa sababu kinahitaji mahali pa kukishika kitu kinachokishughulikia. Kemia ya dawa imekuwa hodari wa kujaza mifuko hiyo. Lakini mshenga hashughulikii kitu. Anashikana na wenzake kwa uso ulio bapa na mpana, kwa mishiko midogo midogo mingi. Molekuli ndogo ya dawa ikitua kwenye uso kama huo haina pa kujishikiza.

SH2 ya Grb2 ilionekana kuwa na matumaini zaidi, kwa sababu fosfeti ile ya tairosini huzama kwenye kishimo halisi. Picha za eksirei zilizochapishwa mwaka 1996 zilionyesha jambo la kupendeza. Kipande cha protini kinachoshikwa na SH2 nyingine hukaa kimenyooka, lakini kikishikwa na Grb2 hujikunja, kwa kuwa asidi amino moja kubwa, triptofani, imeziba njia. Aidha Grb2 huchagua: inataka asparajini iwe nafasi ya pili baada ya tairosini. Wanakemia wa kampuni ya dawa ya Novartis huko Basel, na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walizitumia habari hizo kuunda molekuli fupi zilizojikunja vilevile. Zikashika Grb2 kwa nguvu kubwa mno, nguvu kuliko wabia wake wa asili. Ndani ya chupa ya maabara, mshenga alikuwa amezuiwa.

Ndani ya seli mambo yakawa mengine. Fosfeti ina chaji hasi mbili, na ndizo zinazopendwa na kishimo kile. Lakini utando wa seli ni mafuta, na kitu chenye chaji mbili hakipiti kwenye mafuta kwa urahisi. Tena seli imejaa vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kubandua fosfeti. Kwa hiyo sifa ileile iliyoifanya molekuli ishike vizuri ndiyo iliyoizuia isifike. Wanakemia walibadilisha fosfeti wakaweka kundi lisilobanduka. Wakaifunika chaji kwa vifuniko vya kemia vinavyotarajiwa kuondoka baada ya kuingia ndani. Wakaipunguza. Kila walipopata upenyaji walipoteza nguvu ya mshiko, na walipopata mshiko walipoteza upenyaji. Huko Paris kundi jingine lilipitia upande wa SH3, likaunganisha vipande viwili vya peptidi ili vishike SH3 zote mbili za Grb2 kwa pamoja. Wazo zuri, na katika maabara lilizuia ukuaji wa seli. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kati ya vizuizi hivyo vya Grb2 kilichofika kwenye duka la dawa.

Kuna tukio dogo katikati ya juhudi hizo ninalotaka ulisikie. Mwaka 1999 watafiti wa Korea Kusini waliripoti kwamba aktinomaisini D huizuia SH2 ya Grb2 isishike mbia wake. Aktinomaisini D si dawa ngeni. Aktinomaisini zilitolewa kwanza kwenye bakteria wa udongo katika maabara ya Selman Waksman mwaka 1940, na hadi leo watoto wetu wenye uvimbe wa figo uitwao Wilms hutibiwa kwa aktinomaisini D ikichanganywa na dawa nyingine. Je, ina maana mtoto yule anapona kwa sababu Grb2 imezuiwa? Hapana. Dawa ile hujipenyeza kwenye DNA na kuizuia isisomwe, na hiyo ndiyo kazi yake inayojulikana vyema. Kemikali moja inaweza kugusa mahali pengi, na mguso ulioonekana kwenye chupa si lazima ndio unaoponya mwilini. Nasema hili kwa uzito, kwa sababu kwenye simu zetu hupita kila siku matangazo ya unga na majani yanayosemwa kuponya saratani kwa kuwa utafiti fulani umeonyesha yanazuia seli zake. Seli za saratani zilizo kwenye sahani ya maabara huzuiwa na vitu vingi sana, hata na chumvi ya kutosha. Mtu anayemuuzia mgonjwa matumaini kwa ushahidi wa sahani anamdhulumu.

Wakati kemia ya mshenga ikikwama, mlango ulifunguka upande mwingine. Katika saratani sugu ya damu ya aina ya mieloidi, CML kwa kifupi, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali. Peter Nowell na David Hungerford waliiona kromosomu iliyofupika huko Philadelphia mwaka 1960, na Janet Rowley akaeleza mwaka 1973 kwamba ni mabadilishano. Matokeo yake ni protini ya kuunganishwa, BCR-ABL, kimeng'enya kinachobandika fosfeti bila kuamriwa na mtu. Miongoni mwa mahali kinapojibandika fosfeti ni tairosini ya 177, na hapo ndipo Grb2 hukaa na kuwasha njia ya Ras. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, dawa inayojaza mfuko wa ABL. Fosfeti haibandikwi, na mshenga anafika akikuta hakuna wa kumpokea. Ugonjwa uliokuwa ukiua wengi ndani ya miaka michache ukawa ugonjwa wa kumeza vidonge na kuendelea na maisha.

Kwetu, wagonjwa wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakipata dawa hiyo kwa msaada kupitia mpango wa Novartis na Max Foundation, kwa sababu bei yake ya awali haikuwa ya kusogelewa na mshahara wa kawaida. Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kupima kifua kikuu, ina katriji inayopima BCR-ABL kwenye damu, ili daktari ajue kama dawa inashinda au inashindwa. Kupima huko ni lazima, kwa sababu BCR-ABL hujibadilisha. Asidi amino moja tu ikibadilika kwenye ule mfuko, imatinibu inakosa pa kukaa. Na hapo ndipo wengine huuliza, kwa haki kabisa: kama mfuko unabadilika, je, kule anakokaa mshenga? Saratani ikiendelea kumtegemea Grb2, basi kumzuia Grb2 kungekuwa tiba ya pili pale ya kwanza inaposhindwa. Hoja hii imenishawishi tangu zamani, na bado inanishawishi.

Mfano mwingine wa kuzunguka upo kwenye kinga ya mwili. MyD88 ni protini ya ushenga inayopokea habari kutoka kwa vipokezi vinavyotambua vimelea na kuzipeleka kwa vimeng'enya viitwavyo IRAK. Katika ugonjwa wa Waldenström, aina ya saratani ya seli za damu zinazotengeneza kingamwili, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wana badiliko moja lilelile kwenye MyD88: leusini ya nafasi ya 265 imekuwa prolini. Mshenga mwenyewe ndiye aliyeharibika, anapeleka habari ya vita isiyokuwepo. Na dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa ugonjwa huo, ibrutinibu, haimgusi. Inajaza mfuko wa kimeng'enya kilicho mbele yake, BTK. Inasaidia, na wagonjwa wanaishi. Lakini aliyeharibika anabaki kazini.

Je, kwa nini asiondolewe tu kabisa? Mwaka 2008 waliripotiwa watoto waliozaliwa bila MyD88 inayofanya kazi. Waliugua vibaya kwa maambukizi ya bakteria wa usaha, wengine wakafa wadogo, ingawa waliovuka utoto walipata nafuu ya ajabu kadiri walivyokua. Hili ndilo neno nililosema nitalirudia. Mshenga anatumikia nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Ukimnyamazisha kwa ajili ya saratani, umemnyamazisha pia kwenye nyumba zenye shughuli ya heri.

Njia nyingine za kuzunguka nazipitia upesi. Kuna SHP2, kimeng'enya chenye SH2 mbili, nacho husaidia kuamsha Ras. Mwaka 2016 Novartis walieleza molekuli inayoibana SHP2 katika umbo lake la kujikunja isifunguke, na tangu hapo vizuizi vya aina hiyo vimejaribiwa kwa wagonjwa. Mwaka 2019 watafiti wa Bayer walichapisha molekuli inayozuia SOS isikutane na Ras. Na Ras mwenyewe, aliyetajwa kwa miongo mitatu kuwa hashikiki kwa dawa, akashikika: kundi la Kevan Shokat lilionyesha mwaka 2013 mfuko uliojificha katika aina moja ya Ras iliyobadilika, na Mei 2021 sotorasibu ikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya mapafu yenye badiliko hilo. Huko Houston, badala ya kuizuia Grb2 iliyokwisha kutengenezwa, watafiti walidunga wagonjwa wa saratani ya damu kipande cha kemia ya jeni kilichofungwa kwenye vitone vya mafuta, ili kuizuia Grb2 isitengenezwe tangu mwanzo. Matokeo ya awamu ya kwanza yalichapishwa mwaka 2018, ingawa dawa hiyo haijaidhinishwa.

Hilo neno, "hashikiki kwa dawa", limefanya madhara kwa maoni yangu. Likishatamkwa juu ya protini fulani, fedha huhama, wanafunzi hushauriwa kutafuta mada nyingine, na maarifa yaliyokusanywa hulala kwenye majarida. Miaka ile ya kuhangaika na SH2 ya Grb2 ilihesabiwa na wengi kuwa ni hasara. Sikubaliani nao, na nina sababu.

Mwaka 2001 maabara za Craig Crews na Raymond Deshaies zilionyesha wazo jipya. Tengeneza molekuli yenye vichwa viwili: kichwa kimoja kishike protini usiyoitaka, cha pili kishike mfumo wa seli wenyewe unaoteketeza protini zilizochakaa. Ukiwakutanisha hao wawili, seli inaiteketeza protini ile kwa mikono yake. Hapa huhitaji tena mfuko wa kimeng'enya. Huhitaji hata kizuizi chenye nguvu sana. Unahitaji mshiko tu, mahali popote, wa muda wa kutosha. Na utaona, msikilizaji, kwamba dawa ya namna hiyo yenyewe inafanya ushenga: inawakutanisha wawili wasiojuana.

Mwaka 2019 kundi la Shaomeng Wang katika Chuo Kikuu cha Michigan lilichukua molekuli inayoshika SH2 ya protini iitwayo STAT3, likaigeuza kuwa yenye vichwa viwili. Kichwa chake cha kushika SH2 kina kundi lisilobanduka mahali pa fosfeti, kemia ileile iliyohangaikiwa miaka ya tisini. STAT3 iliteketezwa, na uvimbe wa saratani ya damu kwenye panya ukapungua hadi kutoweka kwa muda mrefu. Kwa upande wa MyD88, jirani yake IRAK4 ni kimeng'enya ambacho pia hufanya ushenga, kwa hiyo kujaza mfuko wake huacha nusu ya kazi yake ikiendelea. Dawa ya kuteketeza IRAK4 nzima imekwisha kujaribiwa kwa watu. Matokeo ya awamu ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha protini hiyo imepungua kwenye damu na kwenye ngozi ya wagonjwa.

Kwa Grb2 kazi hii ya kuteketeza bado iko maabara, na swali linalowakabili waifanyao si tena kama inaweza kushikwa. Ni kiasi gani kiondolewe. Kiinitete kisicho na Grb2 hata kidogo hufa, tumeshasema. Lakini mwaka 1998, katika utafiti uleule ulioonyesha kifo hicho, walikuwepo pia panya waliobaki na jeni moja ya Grb2 badala ya mbili. Panya hao waliishi, wakakua, wakazaa. Walipopandikiziwa jeni ya kirusi inayoleta saratani ya matiti, uvimbe ulichelewa kuota kuliko kwa ndugu zao wenye jeni zote mbili. Nusu ile iliyowatosha kwa maisha haikuitosha saratani kwa kasi iliyoitaka.